Ndege Kumi na Wawili wa Bibi Melchora

Lima, 11 Mei 1997

Mjomba Hermógenes,

Shikamoo, na pole na magoti. Mimi mzima, ila ukungu wa Lima umeshaanza. Nguo hazikauki na soksi zangu zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mwambie mama sweta imefika. Mikono ni mirefu, nimeikunja. Mwambie pia kile kikohozi nilichomwacha nacho Pasaka sikukipenda, aache kufulia maji ya mtoni.

Sasa keti chini. Dakta Larrañaga amenipa mimi, si mwingine, kazi ya kuandika hoja ya kumtenga ndege wa Bibi. Unajua kwamba tangu Dakta amwandike kitabuni mwaka 1971 na kumpa jina la Bibi, ndege huyo huhesabiwa kuwa tawi tu la mkamata-nzi wa kawaida, huyu tunayemwona uani kwenu akidaka nzi migongoni mwa ng'ombe. Wa kawaida ana tumbo la njano. Wa Bibi, wa ng'ambo ya mlima Yanapuyo, ana tumbo la hudhurungi. Kamati ya majina ya ndege ikiikubali hoja yangu, atakuwa spishi kamili inayojitegemea, na jina la Bibi Melchora litasimama lenyewe katika kila kitabu cha ndege wa bara hili. Hoja iwafikie kabla ya tarehe mosi Desemba. Dakta amesema ikipita ataniombea kazi ya kudumu hapa makumbusho, nami nimechoka kuwa kibarua wa kufuta vumbi mwenye shahada mbili.

Jana alinipa ufunguo wa droo ya wale ndege mliowakausha, ambayo miaka yote huifungua mwenyewe. Wamelala chali wote kumi na wawili, macho ya pamba, na mguuni kwa kila mmoja kikaratasi chenye mwandiko wako: "H. Zuta, Februari 1969." Nilijivuna, Mjomba. Kisha nikainama karibu, nikasikia harufu. Haikuwa ya dawa wala ya vumbi. Ilikuwa mafuta ya simbilisi wa kuchoma na moshi wa kuni mbichi. Nimekulia jikoni kwa Bibi mpaka miaka kumi na mmoja, kwa hilo pua yangu haidanganyiki. Nilishikwa na njaa na kichefuchefu kwa wakati mmoja.

Hebu niambie, kwa ajili ya kumbukumbu tu: mliwakaushia wapi wale ndege?

Mpwa wako,
Nélida


Chilcapata, 29 Juni 1997

Nélida, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki tatu dukani kwa Don Wenceslao, chini ya gunia la sukari, na chungu wameila pembe moja. Mama yako kikohozi kimempungua. Anasema sweta haina kosa lolote, wewe ndiye uliyekonda, kula. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kahawa nusu tumechuma, nusu nyingine wanagawana ndege na majirani. Goti langu la kushoto linasema mvua mwaka huu itakuwa ya balaa. La kulia linabisha.

Habari ya Bibi yako nimeisoma dukani kwa sauti mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu Wenceslao alijifanya hakusikia, maana wivu haujifichi. Ule ukurasa wa kitabu cha Dakta wenye jina la Mama bado uko ukutani kwenye fremu, nimeufuta vumbi. Mwalimu mkuu anataka kumchora ndege kwenye ukuta wa shule, mkubwa kama ndama. Aliniuliza ni hudhurungi ya namna gani. Nikamwambia, hudhurungi ya kawaida.

Dakta hajambo? Bado anakula chakula cha watu wawili? Mwambie namsalimu. Au basi, usimwambie.

Harufu ni harufu tu, mwanangu. Kitu kikikaa kwenye droo miaka ishirini na minane lazima kinuke. Hata mimi nanuka, na sijakaa kwenye droo. Wewe andika hoja yako.

Mjomba wako,
Hermógenes


Lima, 20 Julai 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama nimempelekea dawa ya kifua kwa basi la Ijumaa. Mimi nakula, aache maneno.

Hukunijibu. Niliuliza mahali, ukanipa ndama.

Nakuuliza tena kwa sababu kuna jambo linanikera. Kwenye safari ile ile ya 1969 mlileta pia ndege wengine wachache. Mmoja ni yule mwenye koo jeupe kama chumvi, anayelia kando ya kijito. Nimemtafuta kwenye droo nyingine. Koo lake ni la hudhurungi, Mjomba. Hudhurungi ile ile. Nikampeleka kwa Dakta, nikamwambia, "Dakta, na huyu naye ni spishi mpya?" Alicheka kwa mdomo tu. Akasema, "Nélida, binti, hapa umeajiriwa kuandika, hukuajiriwa kunusa." Kisha akanishika bega kwa mkono wake laini wenye jasho, nikahisi kama konokono amenipanda.

Niambie tu.

Nélida


Lima, 30 Agosti 1997

Mjomba,

Salamu zako nimezikosa wiki sita. Mama ameniandikia kwamba hamjambo wote, kwamba umekuwa mkimya na unakwenda kulala bila chakula. Kwa hiyo barua zangu zimefika.

Nimefanya jambo nisiloruhusiwa. Jumamosi wenzangu wakiwa wameondoka nilimchukua ndege namba saba. Nilichovya pamba kwenye petroli nyeupe, ile ya kutolea madoa ya nguo, nikampangusa nusu ya tumbo, polepole, kufuata manyoya. Pamba ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa. Ya pili ilitoka nyeusi na inanata. Kufika ya tano, utando mzima wa mafuta ulikuwa unabanduka, masizi na shahamu vimeshikamana kama vile tunavyokwangua kwenye dari la jiko kabla ya Krismasi. Harufu ilipanda mpaka nikaiacha pamba, nikakimbilia karo, nikatapika.

Niliporudi, namba saba alikuwa na tumbo la rangi mbili. Upande mmoja hudhurungi. Upande wa pili njano, ile ile ya ndege wa uani kwenu.

Nimekaa miezi mitatu nikiandika kurasa arobaini juu ya uchafu. Nimepima masizi kwa rula. Nimeyapa masizi majina ya rangi kutoka kitabu cha rangi: "mdalasini uliofifia", Mungu wangu! Nikiyasoma sasa najisikia nimelambishwa sufuria.

Mliwakaushia juu ya moto. Najua. Nataka uniambie wewe, na nataka kujua nani mwingine anajua.

Nélida


Chilcapata, 21 Septemba 1997

Mwanangu Nélida,

Mama yako ameisoma barua yako kabla yangu. Amenitazama, akatoka nje kulisha simbilisi. Afadhali angenitukana.

Haya. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Februari ile mvua haikukatika siku kumi na tisa. Dakta alikuwa kijana bado, mwembamba, na Lima walikuwa wanangoja aonyeshe ameleta nini. Alifika nyumbani kwetu, akala, tumbo likamsokota, akalala kwenye kitanda changu. Yanapuyo nilipanda peke yangu na bunduki ndogo. Ndege niliwapiga kweli ng'ambo, hilo sikudanganya, na vikaratasi niliandika ukweli. Nikawachuna huko huko chini ya turubai, nikawajaza pamba. Lakini dawa ya unga ya kuzuia kuoza ilikuwa imelowa yote, imekuwa uji. Nilipofika nyumbani walikuwa wameanza kutoa funza machoni. Nilikaa mlangoni na ule mfuko nikilia kama mtoto, wiki mbili zangu zinatambaa.

Mama, bibi yako, ndiye aliyeninyang'anya. Alisema, "Wee Hermógenes, unalilia nini? Nyama inayotaka kuoza inapelekwa wapi?" Akawatoa funza mmoja mmoja kwa kijiti, akawafunga ndege uzi, akawatundika juu ya moto, pale anapotundika nyama. Wakakaa siku kumi na moja. Chini yao alikuwa anamchomea Dakta simbilisi, kila siku mmoja, maana mgeni lazima ale. Mafuta yanadondoka, moto unaruka, moshi unapanda.

Dakta alikuwa anakula chini yao, Nélida. Alikuwa anainua macho na kuwahesabu huku anatafuna.

Siku ya kuwashusha aliwaweka mezani, kisha akaruka: "Hermógenes! Tazama matumbo! Hudhurungi! Tumepata kitu!" Nikamwambia, "Dakta, huo ni moshi." Akaniangalia. Akasema, "Moshi gani?" Hivyo tu. Mkono wake ulikuwa bado na mafuta ya simbilisi. Kisha akageuka kwa Mama, akamwambia, "Doña Melchora, ndege huyu ataitwa kwa jina lako." Mama alikuwa amechuchumaa anapuliza moto. Alicheka mpaka akafunika mdomo kwa aproni kwa sababu ya meno yake. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuandika jina lake isipokuwa kwenye daftari la ubatizo, na hapo walikosea.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi sikusema kitu. Ukurasa ulipokuja alitembea nao mwendo wa saa nne mpaka kwa padri asomewe jina. Tumemzika na nakala yake kifuani.

Kwa hiyo nakuomba. Maji yakimwagika hayazoleki. Andika hoja yako, upate kazi yako, Mama abaki na ndege wake. Nani anaumia? Ndege hajui kusoma.

Hermógenes


Lima, 3 Oktoba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama mwambie sijamkasirikia mtu yeyote wa nyumba hiyo, ingawa wewe sina hakika.

Nani anaumia? Mimi. Jina langu ndilo litakaloandikwa juu ya hoja. Siku mtu mwingine akija na pamba, na atakuja, masizi yatakuwa yangu.

Nilikwenda kwa Dakta na namba saba kwenye sahani. Nilidhani ataona aibu. Alikuwa anakula keki. Alimtazama yule ndege mwenye rangi mbili, akafuta krimu kidoleni, akasema, "Umeharibu mali ya taifa." Nikamwambia, "Dakta, ulikula chini yao." Akasema, "Binti, vikaratasi vyote vina saini ya nani? Yangu? Ukisema kuna udanganyifu, mdanganyifu ni mtu mmoja wa Chilcapata aliyeuza ndege wa moshi kwa makumbusho. Sitaki kumfedhehesha mzee wa watu. Wewe unataka?" Akaendelea na keki yake. Miaka ishirini na minane ametembea na uongo huu kwenye mikutano, ameusimulia katika nchi za watu, na tumbo halijawahi kumuuma tena. Nilitaka kumtapikia mezani.

Lakini usiku mzima nimefikiri, na kuna mlango mmoja. Siku hizi wakamata-nzi hawatengwi kwa tumbo. Wamefanana mno. Wanatengwa kwa sauti. Wapo waliokuwa wakihesabiwa ndege mmoja kwa miaka mia, mpaka mtu alipokaa kimya msituni alfajiri akagundua ni wawili. Ng'ambo ya Yanapuyo hakuna aliyewahi kurekodi. Kama wale wanaimba wimbo wao wenyewe, basi ni spishi yao wenyewe, masizi au hakuna masizi. Na kwa sheria ya majina, jina la kwanza ndilo linaloshika. Bibi atabaki, safari hii kwa haki.

Nakutumia kinasa sauti na kanda mbili. Iliyoandikwa A ni wimbo wa ndege wa uani kwenu, niliurekodi mwaka juzi. Upige kule ng'ambo, alfajiri, kabla jua halijatoka. Akija mbio amekasirika, maana yake ameisikia sauti ya mwenzake, na hao ni ndege mmoja. Akikupuuza, ni wageni wasiojuana. Kanda B ni tupu, urekodi unachosikia.

Najua magoti. Nisingekuomba kama ningeweza kuondoka hapa bila Dakta kubadilisha kufuli.

Omba wakupuuze.

Nélida


Chilcapata, 16 Novemba 1997

Mwanangu,

Marahaba, hata kama hukuwa na hakika. Mama yako hajambo, kifua kimekauka, dawa yako imemfaa. Ndama anaota pembe. Goti la kushoto lilishinda ubishi: mvua imeanza na barabara imekatika mara mbili, ndiyo maana barua hii naipeleka kwa nyumbu mpaka kwenye lami. Ikikufikia kabla ya mosi Desemba, mshukuru mwenye nyumbu, ambaye ni mimi, na ukimwandikia usimwite mzee.

Nilipanda Yanapuyo siku mbili. Nikiwa kijana nilipanda kwa nusu siku. Mama yako alinifunga magoti kwa majani ya tumbaku na kuniambia nikifia huko nisirudi.

Alfajiri ya kwanza ukungu, sikuona mkono wangu. Alfajiri ya pili walianza. Mluzi mmoja mrefu, halafu miwili mifupi ya haraka, kama mtu anayeita kuku. Nikajiambia, Hermógenes, masikio yako ni ya kizee, yanasikia yanachotaka. Nikakaa kimya nikirekodi. Alfajiri ya tatu nikapiga kanda A.

Nélida, hakungoja hata mluzi umalizike. Alikuja kama jiwe la kombeo. Akapita juu ya kinasa, akageuka, akanipiga kofia mpaka ikaanguka, akakaa kwenye tawi mbele ya pua yangu amevimba, ananitukana kwa wimbo ule ule, neno kwa neno. Nikazima, akanyamaza. Nikawasha, akarudi. Mara sita. Hata mgeni huwezi kumchukia kiasi hicho. Ugomvi ule ni wa ndugu. Na tumbo nililiona vizuri, hatua tatu kutoka kwangu. Njano kama kiini cha yai.

Nilikaa kwenye jiwe nikafikiri. Ningeweza kukuandikia kwamba walinipuuza. Kanda B ningeitumbukiza mtoni, nikasema mvua imeiharibu. Nani angepanda Yanapuyo kuja kunibishia? Nikaisikia sauti ikiniambia, "Moshi gani?" Nikageuka kutazama nyuma. Ilikuwa imetoka mdomoni mwangu, nimeitamka mwenyewe, kwa sauti ile ile ya Dakta. Nikatema mate, na ladha haikutoka mpaka nimefika nyumbani.

Kanda zote mbili zimo humu. Ni ndege mmoja, Nélida. Waandikie hivyo. Waandikie pia kwamba mimi H. Zuta niliwakausha juu ya moto, kwamba nilimwambia Dakta siku ile ile, na kwamba baada ya hapo nilinyamaza kwa hiari yangu. Karatasi ya pili ni maneno hayo, nimeitia saini mbele ya mwalimu mkuu. Kama ni kunifedhehesha, nimeshajitangulia: nilikwenda dukani nikamwambia Wenceslao mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndege wa shuleni alikuwa ameshachorwa, nikaomba ngazi na kopo la rangi ya njano. Nimempaka mwenyewe, na watoto wanasema amekuwa mzuri kuliko mwanzo.

Kazi itakuponyoka, najua. Rudi ule, kisha tuone.

Fremu nimeishusha. Ukutani imebaki alama nyeupe, kila mahali pengine pana masizi.

Limebaki neno moja ambalo sijamwambia hata mama yako. Bibi yako alipokuwa anakufa, siku ya mwisho aliyokuwa na akili zake, alinivuta mkono. Nilidhani anataka maji. Akaniambia, "Wale ndege wangu, Hermógenes. Niliwaacha wamejaa moshi, walikwenda Lima wachafu, nimeona aibu miaka yote hii. Waliwaosha?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, waliwaosha wote.

Sijui sheria za huko zinasemaje. Umemwosha mmoja nusu. Waoshe wote, mwanangu, hata kama ni jambo lako la mwisho kwenye nyumba hiyo, ili nisiwe nimemdanganya Mama.

Mjomba wako,
Hermógenes Zuta